Namna ya Kumpa Binti Jina la Mariamu kwa Kulijua

Hapa Lamu, mzazi anayetaka kumwita bintiye Mariamu huwa na siku chache za kuamua, kwa kuwa wengi wetu humpa mtoto jina siku ya saba, siku anayonyolewa nywele na kuchinjiwa akika. Siku hizo zinatosha, iwapo atazitumia kuuliza jina hili limetoka wapi na litaandikwaje.

Anza na asili yake, ambayo ni ya Kiebrania. Mwenye jina hili wa mwanzo anayetajwa katika Biblia ni dada yao Musa na Haruni, ambaye katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 15, anaitwa nabii mke, naye anashika tari na kuwaongoza wanawake kucheza baada ya kuvuka bahari. Waebrania wa leo humwita Miryam, lakini wafasiri waliokitia kitabu hicho katika Kigiriki, kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, waliandika Mariam, jambo linaloonyesha kwamba irabu ya kwanza ilikuwa a. Baadaye m ya mwisho ikadondoka katika Kigiriki na Kilatini, likapatikana Maria, ambalo kwa Wafaransa likawa Marie na kwa Waingereza Mary. Waarabu waliihifadhi m hiyo wakasema Maryam, nasi tukaongeza u ili neno limalizike kwa irabu. Kwa hiyo bibi wa mtaa wa Langoni anayemwita mjukuu wake uani, "Mariamu!", analitamka jina hilo karibu zaidi na watu wa kale kuliko mtu anayesema Mary. Mimi naliona jambo hili kuwa fahari, na ningependa kila msichana mwenye jina hili aelezwe.

Maana yake isikuharakishe. Wako wanaolinasibisha na uchungu, wengine na uasi, wengine na mtoto aliyetamaniwa, na wapo wataalamu wanaolirudisha kwenye neno la Kimisri cha kale lenye maana ya kupenda, kwa sababu familia ya Musa iliishi Misri. Baadhi ya wafasiri wa Qur'ani walisema maana yake ni mwenye kufanya ibada. Wanachuoni hawajakubaliana, kwa hiyo mzazi asikatae jina kwa kuambiwa kwamba litamletea mtoto uchungu.

Kinacholipa jina hili uzito wake ni waliolichukua. Katika nchi ya Wayahudi wakati wa Nabii Isa, Mariamu na Salome ndiyo yaliyokuwa majina ya wanawake yaliyoenea kuliko yote. Mama yake Isa ndiye mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina lake katika Qur'ani. Sura ya 19, yenye aya 98, inaitwa kwa jina lake, na katika sura ya 3, aya ya 36, mamaye mzazi ndiye anayesema kuwa amemwita Maryam. Mama anayejifungua leo anaweza kusomewa aya hiyo. Kwa Wakristo wa Mpeketoni jina ni lilo hilo, ingawa Biblia ya Kiswahili ya Union humwandika dada yake Haruni Miriamu na mama yake Yesu Mariamu. Huko Marekani, Mary liliongoza majina ya wasichana tangu 1880, mwaka ambao hesabu zao zinaanzia, hadi 1946, kisha tena kuanzia 1953 hadi 1961.

Sasa amua maandishi, na hapa usifanye pupa. Ikiwa mtoto anarithi jina la bibi yake, tazama kwanza kitambulisho cha bibi: ni Mariam, Maryam, Mariamu au Mwanamariamu? Mwana ni neno la heshima mbele ya majina ya wanawake wa visiwa hivi, kama alivyoitwa mshairi wa Pate, Mwana Kupona, na unapaswa kuamua kama litaungana na jina au litasimama peke yake. Binti yangu aliandikwa Mariam katika kadi ya kliniki, Maryam katika cheti cha kuzaliwa na Mariamu shuleni, na ilitulazimu kuapa hati ya kiapo ili aonekane kuwa mtu mmoja.

Liandike jina kwenye karatasi kwa herufi kubwa, ukubaliane na mwenzio na wazee, na uipeleke karatasi hiyo pale unapoandikisha uzazi, kabla miezi 6 haijapita, kwani baada ya hapo huhesabiwa kuwa umechelewa. Cheti kikitoka, kisome herufi kwa herufi ukiwa bado mbele ya karani, uanze na irabu ya kwanza na umalizie na ile ya mwisho.