Chama cha mawakala wa usafiri wakati wa ukata: anza na simu

Dalili ya kwanza kwamba mambo yameharibika haitoki kwenye taarifa za uchumi. Hutoka kwa mwanachama aliyezoea kulipa ada mapema, ambaye ghafla hapokei simu. Mimi ni katibu wa chama cha mawakala wa usafiri, na wenzangu wa vyama vingine wakiniuliza waanzie wapi, nawaambia washike simu. Dodoso liache. Anayezama hajazi dodoso, na akijaza ataandika kwamba anaendelea vizuri.

Anza na wadogo, kwa sababu wakubwa watakutafuta wenyewe. Muulize mwanachama ana fedha za mishahara hadi lini, anadaiwa na nani mwenye uwezo wa kumsimamishia kazi, na fedha za wateja ambao hawajasafiri ziko wapi. Swali hilo la mwisho ndilo huleta kimya kirefu.

Biashara yetu ina mtego wake. Mteja hulipa leo na kusafiri baada ya miezi. Mauzo yakiwa mazuri, malipo ya mteja mpya hulipia hoteli ya aliyetangulia, na hakuna anayeliona tatizo. Yakipungua kidogo tu, pengo linaonekana. Mwaka 2009 idadi ya watalii wa kimataifa ilishuka kwa takriban asilimia 4, na mwaka uliofuata ikapanda tena. Wakala aliyekwisha kula malipo ya awali ya wateja wake hana mwaka mzima wa kusubiri. Wala ukubwa si kinga: Thomas Cook, kampuni ya Uingereza ya kuuza safari yenye jina lililoanza biashara mwaka 1841, ilianguka tarehe 23 Septemba 2019 ikiwa na wateja wa Uingereza wapatao 150,000 waliokuwa bado safarini.

Kwa hiyo kaa na mwanachama na karatasi moja. Orodhesheni kila safari iliyolipiwa: mteja, tarehe ya kuondoka, alicholipa, kilichokwishapelekwa hotelini au kwa shirika la ndege, na kinachobaki kulipwa. Jumlisheni safu ya mwisho, kisha mlinganishe na salio la benki. Ni hesabu ya saa chache, lakini nimeona mtu mzima akifuta miwani mara mbili kabla ya kuisoma jumla. Kuanzia hapo, fedha za wateja ziwe na akaunti yake. Uingereza ina mpango wa ATOL tangu 1973, ambao siku hizi wauzaji huuchangia kwa kila msafiri ili kampuni ikianguka wateja wasiachwe njiani. Ni jambo zuri, ila mfuko wa namna hiyo hujengwa wakati wa neema. Ukiutangaza katikati ya ukata, hakuna atakayechanga.

Kazi ya pili ni kuongea kwa sauti moja na wenye nguvu. Wanaouza tiketi kupitia mfumo wa malipo wa IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, wanajua kwamba siku ya kulipa haina huruma. Ukiikosa, unaweza kuzuiwa kutoa tiketi. Wakala mmoja akiomba nafuu ya dhamana ya benki, barua yake inalala mezani. Chama kikienda na takwimu za wanachama wote, kinapewa kikao. Fanya vivyo hivyo kwa kampuni zinazopokea malipo ya kadi, kwani hofu ikipanda huzuia fedha hadi msafiri arudi nyumbani. Mwanachama anahesabu ameuza, kumbe hajapata kitu.

Katika vikao hivyo atainuka mtu kupendekeza wanachama wote wakubaliane bei ya chini. Mzuie papo hapo, na katibu aandike kwamba amezuiwa. Katika nchi nyingi hilo ni kosa la sheria ya ushindani, na faini itawakuta mkiwa hamna kitu.

Ada usiifute, igawe kwa miezi. Niliyemsamehe ada yote huacha kuja vikaoni, sijui ni aibu au ni nini. Punguza kwanza gharama za chama chenyewe. Hafla ya tuzo ife mapema, hakuna atakayeililia isipokuwa mpambaji.

Waandikie wanachama pia barua ya mfano ya kuwajibu wateja wanaodai fedha zao. Mwaka 2020, safari za kimataifa zilipoporomoka kwa zaidi ya asilimia 70, wakala alibanwa kati ya mteja anayetaka taslimu na shirika la ndege linalotoa vocha. Barua nzuri inataja kiasi, fedha ziko kwa nani, na tarehe ya jibu lijalo. Pole nyingi bila tarehe humwongezea mteja hasira.

Wapo watakaofunga hata hivyo. Wasaidie kufunga wakiwa bado na fedha za kufungia, maana huo nao ni msaada, tena wa heshima. Mapema, kabla haijahitajika, andaa orodha ya wanachama walio tayari kupokea wateja wa mwenzao, na kila mmoja aandike safari anazozimudu. Aliyebobea katika safari za wafanyabiashara usimkabidhi kundi la wanafunzi linaloondoka wiki ijayo.