SOMO: Kuziba mchoro wa Tingatinga uliochanika

Wakuu, nimechoka kujibu swali hilihili inbox. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namrudisha hapa.

Somo hili ni la michoro ya kawaida ya rangi ya mafuta juu ya amerikani, kama ile inayouzwa Morogoro Stores, Oysterbay, Dar es Salaam. Ukiwa na hadibodi ya zamani aliyoichora Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mwanzilishi wa mtindo huu (alifariki 1972), usiiguse. Tafuta mtaalamu wa makumbusho.

1. Futa vumbi kwa brashi laini.

2. Laza mchoro kifudifudi juu ya nailoni safi.

3. Kwa sindano, rudisha kila uzi upande wake mpaka kingo zikutane bila kupandana. Uzi unaoning'inia usiukate.

4. Kata kiraka cha amerikani iliyofuliwa na kupigwa pasi, kizidi mpasuko sentimita 2 kila upande. Pembe ziwe za mviringo, ukingo uchambue nyuzi kidogo.

5. Gundi. Hapa ndipo michoro inapofia. Amerikani ikinywa maji hujikunja, lakini rangi iliyokauka mbele haijikunji, kwa hiyo inapasuka au kubanduka. Tumia gundi nyeupe ya mbao BILA kuongeza maji, ipake nyembamba kwenye kiraka tu, subiri ianze kunata ndipo ubandike. Weka nailoni, ubao, vitabu vizito, uache mpaka kesho. Usifunue kuchungulia! Superglue hupenya mpaka mbele na kukauka kama kioo, kisha kitambaa kinakatika pembeni yake. Selotepu nayo kwa joto letu inayeyuka, inaacha utando wa njano.

6. Mbele, jaza ufa kwa unga wa chaki na gundi. Uliozidi futa kwa pamba yenye unyevu. Msasa hapana, unakula rangi ya jirani.

7. Rangi: jaribu kwenye karatasi, ikauke, ndipo ulinganishe. Paka kwenye ufa tu.

MASWALI

Fundi_Mbagala: Mkuu nimeshaweka superglue, nifanyeje?

Jibu: Hatua ya 5 umeiruka. Asetoni itatoa gundi na rangi pamoja. Acha hivyo hivyo.

BintiKigamboni: Kaka, shikamoo. Kwa nini ukingo wa kiraka uchambuliwe?

Jibu: Marahaba, swali zuri. Ukingo mkavu wa mkasi hujichora mbele baada ya muda, unaona mraba mzima katikati ya mbawa za ndege. Nyuzi zilizochambuliwa hupunguza unene taratibu. Simamisha mchoro ubavuni mwa dirisha, mwanga wa pembeni utakuonyesha kila kiraka kilichofanywa ovyo.

Mzee_wa_Fursa: Moshi wa jikoni natoa kwa thinner?

Jibu: Utatoa na twiga.

Mzee_wa_Fursa: Si ungejibu vizuri tu?

Jibu: Haya. Mate kwenye kijiti cha pamba, jaribu pembeni kwanza. Usicheke, hata wataalamu wa makumbusho hutumia, mate yana vimeng'enya vinavyolegeza uchafu.

Nyota_Tanga: Namtumia shangazi mchoro Muscat. Nikunje rangi ikae ndani?

Jibu: Hapana dada, rangi itazame NJE. Ikikaa ndani inabanwa na kujikunyata. Zungushia bomba pana, inchi 4 au zaidi, usikaze. Na kama rangi bado mbichi, shangazi asubiri, itagandana na kifungashio.