Bonsai ya mkomamanga: kutoka kipandikizi hadi chungu

Bonsai ni mti unaokuzwa chunguni ubaki mdogo lakini uonekane mzee, na mkomamanga huonekana mzee mapema. Gome lake hupasuka likiwa bado changa, shina huelekea kujisokota lenyewe, majani ni madogo na maua mekundu hutoka hata kwenye mti wa kimo cha shibiri mbili. Lakini una kasoro moja inayopanga kazi yote: tawi likishakomaa halikunjiki, na jeraha kubwa halizibi vizuri. Kwa hiyo umbo hutengenezwa mti ungali mbichi, na chungu cha bonsai huja mwisho. Wengi hufanya kinyume: hununua chungu kizuri kwanza, wakatia mche mwembamba kama kalamu, kisha miaka mitano baadaye bado ni kalamu.

1. Kupata mche

Mbegu za komamanga la sokoni huota, ila zinachelewa kutoa maua na huwezi kujua mti utakaopata. Kipandikizi ni bora. Chukua tawi la mwaka uliopita lenye unene wa penseli, urefu wa sm 20, ukate chini kidogo ya kifundo. Toa majani yote isipokuwa mawili matatu ya juu. Fukia theluthi mbili kwenye mchanga wa mto uliochanganywa na mboji kidogo, uweke kivulini na udumishe unyevu. Mizizi huchukua kama wiki sita hadi nane, usiking'oe kukagua. Hata tawi nene kama kidole gumba huweza kuota mizizi, nalo hukuokolea muda mwingi. Machipukizi yanayotoka chini ya mti mama pia yanafaa, hasa yakiwa na mizizi yake.

Ukipata aina ya kibete, ichukue. Kwenye aina ya kawaida majani hupungua ukubwa kadiri unavyopogoa, lakini ua na tunda havipungui.

2. Kunenepesha shina

Panda mche ardhini, au kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa vizuri, kwa miaka mitatu au minne. Chini ya mizizi, sm 5 hivi, laza kigae bapa ili mizizi itambae pembeni badala ya kuzama. Hiyo ndiyo itakayoonekana baadaye kama miguu ya mti.

Acha tawi moja la chini likue ovyo hata lifike mita moja. Majani yake ndiyo yanayolisha shina, na shina hunenepa chini ya pale lilipotokea. Likate kabla halijazidi unene wa kidole gumba, kwa sababu kovu kubwa kuliko hapo hukauka kuelekea ndani na kuacha shimo. Unapokata, bakiza kisiki cha sm 1 au 2. Kitakufa chenyewe hadi mahali fulani na kusimama. Hapo ndipo ukichonge. Ukikata sawasawa na shina siku ile ile, ukavu huweza kuingia shinani na kuua upande mzima.

Machipukizi ya chini yang'oe kila wiki, la sivyo yatanyonya nguvu zote.

3. Kukunja

Samaki mkunje angali mbichi: tawi linaanza kugeuka kutoka kijani kuwa kahawia, hapo hapo litie waya. Tumia waya wa alumini wenye unene wa theluthi moja ya tawi, uuzungushe kwa mshazari wa nyuzi 45. Usimwagilie siku moja kabla, ili tawi lilegee kidogo. Kunja polepole, vidole gumba vikikaza upande wa ndani wa pindo. Ukisikia mlio, simama.

Gome la mkomamanga ni jembamba na waya huzama upesi wakati wa joto. Kagua kila wiki mbili. Kwa kawaida wiki sita hadi kumi zinatosha. Utoe kwa kuukata vipande vipande; kuuzungusha kinyume huvunja vichomozo.

Wajapani wana aina iitwayo nejikan, ambayo shina lake hujisokota kama kamba. Kwa mche wa kawaida unaweza kusokota shina lingali jembamba, ukalifunga kwa waya, ukaliacha linenepe katika umbo hilo.

4. Kuhamishia chunguni

Wakati mzuri ni mwisho wa kipupwe, Agosti hadi Septemba, vichomozo vinapoanza kuvimba. Udongo: sehemu mbili za tofali la kuchoma lililopondwa na kuchekechwa, chenga za mm 3 hadi 6, sehemu moja mchanga wa mto, sehemu moja mboji. Tupa vumbi lote, maana ndilo linaloziba njia ya maji na kuozesha mizizi. Mchanga wa bahari usitumie, una chumvi.

Punguza mizizi isizidi theluthi moja, ukianza na ile minene inayoelekea chini. Chungu kiwe na kina cha sm 6 hadi 8. Mti huu hunywa sana, sahani bapa mno huukausha. Ufunge kwa waya kupitia matundu ya chini, kwani mti unaotikisika hauoti mizizi mipya. Kivuli wiki mbili, mbolea baada ya mwezi.

5. Jua, maji na maua

Jua saa sita au zaidi kwa siku. Chomeka kijiti cha mshikaki udongoni: kikitoka kikavu nusu, mwagilia hadi maji yatoke chini. Wakati wa kaskazi huenda ikawa mara mbili kwa siku. Anayetumia maji ya kisima cha pwani ayamimine kwa wingi kila mara, chumvi isijikusanye; dalili yake ni kingo za majani kuungua.

Maua hutoka kwenye ncha za machipukizi mapya. Ukipunguza ncha kila wiki ili mti uonekane nadhifu, hutaona ua hata moja. Acha machipukizi yarefuke, yachanue, kisha ukate ubakize jozi mbili za majani. Samadi ya mbuzi iliyooza, kiganja kimoja kwa mwezi, inatosha. Naitrojeni ya mbolea ikizidi, utapata majani tu.

Maua mengi yataanguka, usishtuke. Yenye umbo la kengele, yaliyochongoka kitakoni, hayazai. Yenye kitako kinene kama mtungi ndiyo yanayoshika tunda. Acha tunda moja tu, na umwagilie bila kuruka siku: udongo ukikauka kisha ukalowa ghafla, tunda hupasuka.