Jinsi ya Kufuatilia Nasaba katika Kaunti ya Lowndes, Alabama

Kaunti ya Lowndes iko kusini mwa Marekani, kati ya Selma na Montgomery, na makao yake makuu ni mji mdogo wa Hayneville. Ilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya pamba, na hadi leo wakazi wake wengi ni wazao wa watu waliolima pamba hiyo wakiwa watumwa. Anayetafuta wazee wake huko atakuta karatasi nyingi, lakini nyingi kati ya zile za kale ziliandikwa kwa ajili ya kulinda mali ya wenye mashamba, na ni lazima azisome akilijua hilo.

Anza na wazee walio hai, uandike kila jina wanalolikumbuka, hata la utani, kisha urudi nyuma kizazi kimoja kimoja bila kuruka. Alabama ilianza kusajili vizazi na vifo kwa jimbo zima mwaka 1908. Cheti cha kifo kina thamani ya pekee, kwa kuwa huuliza majina ya wazazi wa marehemu. Mtu aliyezaliwa utumwani akafariki mwaka 1920 huenda akakupa humo jina la mama yake.

Baada ya vyeti, ingia katika sensa, ambayo hufanywa kila baada ya miaka 10. Majina hufungwa kwa miaka 72, hivyo sensa ya karibuni iliyo wazi ni ya 1950, na picha za kurasa zake zinapatikana bure katika tovuti ya FamilySearch. Ile ya 1900 hutaja mwezi na mwaka wa kuzaliwa, na ya 1880 hueleza uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya. Ya 1890 karibu yote iliangamia kufuatia moto uliotokea Washington mwaka 1921, kwa hiyo utalazimika kuvuka miaka 20 kwa hatua moja. Usitegemee tahajia wala umri, maana karani aliandika alivyosikia, na wengi walikadiria miaka yao.

Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja kwa majina Waamerika Weusi wote, na hapo ndipo watafiti wengi hukwama. Isome polepole, pamoja na kurasa zilizotangulia na zinazofuata, kwa sababu karani alikwenda nyumba kwa nyumba na majirani mara nyingi walikuwa ndugu. Linganisha na daftari la wapiga kura la Alabama la 1867, lililoandikisha wanaume weusi waliotimiza miaka 21, na mikataba ya kazi iliyosimamiwa kuanzia 1865 na Ofisi ya Walioachwa Huru (Freedmen's Bureau), idara ya serikali kuu iliyowasaidia watu waliotoka utumwani.

Nyuma ya hapo, unayemtafuta sasa ni mmiliki. Majedwali ya watumwa, yaani kurasa za pekee za sensa za 1850 na 1860 zilizowahesabu watumwa, humtaja yeye kwa jina, na chini yake huwa na mistari mitupu ya namna hii: miaka 25, mwanamke, mweusi, miaka 4, mwanamume, mweusi. Inauma kuisoma mistari hiyo ukijua kwamba mmoja wao huenda ni bibi wa bibi yako. Haithibitishi chochote peke yake, wala usidhani kwamba jina la ukoo lilitoka kwa mmiliki wa mwisho, kwani wengi walichukua la mmiliki wa zamani au walijichagulia wenyewe.

Majina yenyewe yamo katika mafaili ya mirathi. Mwenye shamba alipofariki, wathamini waliorodhesha mali yake yote, na kati ya nyumbu, majembe na marobota ya pamba waliandika watu kwa jina moja tu, kila mmoja na bei yake kwa dola. Mara nyingi mama hufuatwa na wanawe, na wakati wa kugawa urithi huonekana ni nani alikwenda kwa mrithi gani. Soma pia wosia, hati za mauzo na rehani, maana watu waliwekwa dhamana ya mikopo.

Mafaili hayo yatafute kwenye mahakama ya mirathi ya kaunti, na nakala zake katika Idara ya Nyaraka na Historia ya Alabama, mjini Montgomery. Kumbuka kwamba Lowndes iliundwa mwaka 1830 kutoka kaunti za Montgomery, Dallas na Butler, kwa hiyo karatasi zilizotangulia mwaka huo zimo katika vitabu vya kaunti hizo tatu. Kwa kila jina unalolipata, andika papo hapo namba ya kitabu na ya ukurasa.