Roma kwa bei nafuu: chunga jina lililo kwenye tiketi ya Colosseum

Msimu wa wageni umeanza. Ndugu wanatuma tarehe za viza zao, na wenzetu wa Berlin na Milano wanauliza kama nina sofa. Sofa ipo. Ila kabla ya yote, nanyi mnaopokea watu kutoka nyumbani mnisikie: tiketi ya Colosseum, ule uwanja wa kale wa Warumi, ina jina. Tangu Oktoba 2023 kila anayeingia lazima jina lake liwe kwenye tiketi, na lifanane na la kitambulisho anachoonyesha mlangoni. Si "Mama Neema". Si jina la Facebook. Si jina la aliyelipa kwa kadi yake.

Shemeji yangu alitua hapa na tiketi alizonunua akiwa Dar, kwenye tovuti yenye picha nzuri kuliko ile rasmi, kwa bei iliyozidi mara mbili ya euro 18 za kawaida. Zote zilikuwa na jina lake yeye. Mlangoni akapita peke yake. Mama mkwe akabaki nje kwenye jua la saa saba, pasipoti mkononi, akimuuliza yule kijana wa getini kwa Kiswahili kwani kuna ubaya gani, si familia moja? Waliotuuzia wakajibu barua pepe moja tu, kwamba masharti tuliyakubali wenyewe. Fedha haikurudi.

Kwa hiyo nunua kwenye tovuti ya Colosseum yenyewe, anwani yake inaishia colosseo.it, na tiketi hufunguliwa siku 30 kabla. Fomu inataka jina na jina la ukoo. Sisi wa majina matatu tuna mazoea ya kujaza tunavyojisikia, leo la baba, kesho la babu. Usifanye hivyo. Fungua pasipoti, nakili herufi kwa herufi, kwa kila mtu.

Utaambiwa tovuti rasmi imeshaisha tiketi. Mara nyingi ni kweli, na hapo ndipo mlanguzi anapata ulaji. Mwaka 2025 mamlaka ya ushindani ya Italia ilitoza faini ya karibu euro milioni 20 katika suala hilihili: tiketi za bei ya kawaida zilikuwa zikizolewa kwa programu za kompyuta, kisha zinauzwa ghali zikiwa zimefungashwa na huduma za mwongozaji. Nje ya kituo cha metro nako kuna wapigadebe, kama wa stendi kabisa, wamevaa vizibao na vitambulisho shingoni, wanakuahidi kuruka foleni. Foleni ya ukaguzi wa usalama hairukwi na mtu. Narudia: hairukwi.

Ukikosa tiketi, usilie. Panda kilima cha Campidoglio, zunguka nyuma ya jengo la manispaa, utaliona Forum lote, yale magofu ya kitovu cha Roma ya kale, chini yako bila kulipa senti.

Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali ni bure, Colosseum likiwemo, lakini siku hiyo huweki nafasi mtandaoni, wahi asubuhi. Vatican ni nchi nyingine, makumbusho yao ni bure Jumapili ya mwisho ya mwezi, na mwisho wa kuingia ni saa sita na nusu mchana. Wageni huchanganya hizi mbili kila mara.

Binafsi naona makanisa yanashinda yote hayo. San Pietro in Vincoli kuna sanamu ya Musa ya Michelangelo, bure. San Luigi dei Francesi kuna michoro mitatu ya Caravaggio, mchoraji maarufu wa zamani, kwenye kona yenye giza. Unatumbukiza sarafu, taa inawaka, baada ya muda inazima tap! Bahili husubiri mgeni mwingine atumbukize yake. Mabega na magoti yafunikwe, khanga moja kwenye mkoba inatosha.

Basi ni euro 1.50 kwa dakika 100, gonga tiketi mashineni. Maji ya mabomba ya mtaani yananyweka. Kahawa inywe umesimama kaunta. Usikae kwenye ngazi za Piazza di Spagna, kuna faini.

Nimeishi na Waitaliano vya kutosha kuwapenda. Watakuvumilia ukichelewa, ukipaza sauti, ukivuka barabara popote. Karatasi ikiwa na kasoro, huruma inaishia hapo, na mwenye pasipoti ya kwetu ndiye husomwa karatasi yake mara mbili. Ni uonevu kidogo, lakini kugomba getini hakujawahi kumwingiza mtu.

Basi ndugu asilipe chochote akiwa nyumbani. Akuandikie majina yote kama yalivyo kwenye pasipoti, ununue wewe, yeye akurudishie kwa simu. Atasema unamwona mshamba. Mwache aseme.