Namna ya Kuhifadhi na Kutumia Mbegu za Asili

Kazi hii huanza kwa kuuliza. Kabla ya kupokea mbegu, muulize anayeilima inaitwaje, hupandwa lini, hukomaa baada ya siku ngapi, huliwaje na kwa nini hajaiacha, kisha uyaandike majibu yake, kwa sababu mbegu isiyo na maelezo itaota vizuri tu, ila atakayeirithi hatajua aifanyie nini.

Kosa la kawaida ni kuchukua gunzi moja lililonona kuliko yote. Mahindi huchavushwa kwa upepo, na nguvu ya aina ya asili imo katika tofauti za mimea yake. Kwa hiyo changanya punje kutoka mimea 100 au zaidi iliyo katikati ya shamba, lililo mita 200 au zaidi kutoka aina nyingine ya mahindi. Nafasi hiyo ikikosekana, panda wiki 3 au 4 kabla au baada ya jirani ili maua yasikutane. Maharage hayana usumbufu huo, maana kwa kawaida hujichavusha yenyewe.

Kausha mbegu kivulini penye hewa, kamwe si juu ya bati lenye moto, kisha zitie kidogo pamoja na chumvi kavu katika chupa ya kioo na uitikise: chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu bado ni mwingi. Usifanye haraka hapa, kwani inakadiriwa kuwa kila asilimia 1 ya unyevu inayopungua huongeza maisha ya mbegu mara 2. Zilizokauka zifungie katika chombo kisichopitisha hewa, na kila mwaka otesha 100 ndani ya kitambaa kibichi. Zikiota chini ya 85, zipande msimu unaofuata ili uvune mbegu mpya. Mbegu za embe na kakao hufa zikikaushwa, nayo mihogo hupandwa kwa vipande vya shina, hivyo hayo yahifadhiwe yakiwa shambani.

Aina isiyoliwa husahaulika hata ikiwa imejaa kwenye chupa. Ilime, ipike, iuze, na uwagawie wakulima wengine kadhaa, ili ukame au panya wakimaliza yako uwe na pa kuomba. Nakala nyingine ipeleke katika benki ya mbegu ya taifa, lakini kabla ya kuikabidhi uliza kwa maandishi ni kwa masharti gani utarudishiwa utakapoihitaji.