Namna ya Kufumbua Mafumbo ya Muziki wa Kiklasiki na Marafiki Mtandaoni

Kundi letu lina watu watano wanaoishi katika miji mitatu, nasi hukutana kwa simu ya video kila Jumamosi usiku kufumbua mafumbo ya muziki wa kiklasiki. Fumbo huweza kuwa kipande cha sauti cha sekunde kumi na tano, mstari wa nota usio na jina, au safu ya herufi na namba ambamo mtunzi amefichwa. Kanuni iliyotufaa kuliko zote ni hii: kila mmoja aandike anachokisikia au anachokiona kabla mtu yeyote hajataja jina la mtunzi. Jina likishatamkwa, hasa na yule anayeaminika kujua zaidi, masikio ya wengine huanza kulitafutia ushahidi, na dalili zinazolipinga hupita bila kusikika.

Andaeni sauti mapema. Usipige muziki kwenye spika ukitumaini kwamba maikrofoni itaufikisha kwa wenzako, kwa kuwa programu nyingi za mikutano zimeundwa kupitisha sauti ya mtu anayezungumza na kuchuja nyingine kama kelele, hata violini ikasikika kwa kukatikakatika na besi ikapotea. Msimamizi wa fumbo awatumie wote faili lenyewe, kila mmoja alisikilize peke yake kwa vipokea sauti vya masikioni, kisha mrudi kuzungumza mkiwa na ukurasa mmoja wa pamoja ambao wote mnaweza kuuandika. Programu za simu zinazotambua wimbo ziwekwe kando mpaka jibu litolewe, maana zikitangulia hakuna fumbo lililobaki.

Katika kipande cha sauti, anzeni na ala, kwa sababu ala ina tarehe ya kuzaliwa na tarehe hiyo hufuta majina mengi kwa mpigo mmoja. Tuba, ala kubwa ya shaba inayopulizwa, ilipewa hataza mjini Berlin mwaka 1835. Ikiwa mnaisikia kweli, Beethoven, aliyefariki mwaka 1827, hayumo. Selesta, kinanda kidogo chenye mlio wa kengele, ilibuniwa Paris mwaka 1886, na Tchaikovsky aliitumia katika baleti yake ya mwaka 1892, The Nutcracker. Hata hivyo, dalili hii ilituponza siku moja. Tulisikia vikengele vikilia, mmoja wetu akasema papo hapo kwamba ni Tchaikovsky, nasi wote tukakubali. Mwenzetu mwingine alikuwa amesikia wanaume wakiimba kwa mbali mwishoni mwa kipande, lakini alinyamaza akidhani masikio yake yamemdanganya. Jibu lilikuwa vikengele vya Papageno, mhusika mshika ndege katika opera ya Mozart ya mwaka 1791, The Magic Flute, ambamo waimbaji wanaume huitikia mlio huo. Sauti zile za wanaume ndizo zilizokuwa ufunguo, na tangu usiku ule hakuna anayeruhusiwa kuacha ukurasa wake mtupu.

Baada ya ala, andikeni mwendo wa tuni. Si lazima kujua nota: kuanzia nota ya pili, weka P sauti inapopanda, S inaposhuka, na R inaporudia palepale. Mwanzo wa Simfoni ya Tano ya Beethoven, kwa njia hii, ni RRSPRRS, na mtu aliyeuandika hivyo anaweza kuulinganisha na mwanzo wa kazi nyingine yoyote. Mwaka 1975 Denys Parsons alichapisha orodha ya maelfu ya tuni zilizopangwa kwa utaratibu huu. Aliyekulia kwenye kwaya na kufundishwa sol-fa ana mtaji mkubwa zaidi, kwa sababu anaweza kuimba tuni hiyo mbele ya wenzake hata asipojua inatoka wapi. Mpeni kazi hiyo.

Mafumbo ya herufi hudai kujua kwamba Wajerumani huita nota kwa namna yao. Kwao B ni B bapa, yaani B iliyoshushwa kwa nusu hatua, H ni B ya kawaida, na E bapa huitwa Es, ambayo hutamkwa kama herufi S. Kwa hiyo Bach aliweza kuandika jina lake lote kwa nota nne. Vivyo hivyo, mkiona D, E bapa, C na B ya kawaida, zisomeni kwa Kijerumani: D, S, C, H. Hizo ni herufi za mwanzo za Dmitri Shostakovich kwa tahajia ya Kijerumani, na chelo ndiyo inayozitamka kwanza katika Kwarteti yake ya Nane, kazi ya ala nne za nyuzi, ya mwaka 1960. Mimi hupenda mafumbo haya kuliko mengine yote, kwani mtunzi mwenyewe ndiye aliyelificha jina humo.

Namba zina mitego yake. Namba za K. za Mozart, yaani za katalogi ya Köchel ya kazi zake, hufuata, kwa kukadiria, mpangilio wa wakati, hivyo K. 626, Requiem, ni ya mwisho wa maisha yake. Namba za BWV, katalogi ya kazi za Bach, hufuata aina ya kazi, kwa hiyo namba kubwa haimaanishi uzee. Katika rekodi za zamani, simfoni ya Dvořák ya New World huitwa ya Tano, ilhali leo ni ya Tisa, na Konserto ya Pili ya piano ya Chopin ilitungwa kabla ya ile ya Kwanza.

Mkishakubaliana, mmoja afungue nota zenyewe kwenye IMSLP, maktaba ya nota ya mtandaoni, ambako kazi nyingi zisizobanwa tena na hakimiliki hupatikana bure, alinganishe baa za mwanzo na mlichoandika. Hapo pia ndipo mtakapoamua jibu liandikwe kwa ukamilifu kiasi gani. Pictures at an Exhibition ni kazi ya piano ya Mussorgsky ya mwaka 1874. Lakini ikiwa mlisikia trompeti ikifungua peke yake, mlichosikiliza huenda ni mpangilio wa okestra alioufanya Ravel mwaka 1922, na majina yote mawili yanastahili kuandikwa.